Bega la Koplo Okidi

Barua ilimpa Koplo Okidi siku ishirini na tano. Siku ya ishirini na sita, saa tatu asubuhi, afike mbele ya jopo la kupima afya akiwa na sare kamili, na huko ataamriwa kupiga saluti, kubeba bunduki begani na kuinua mikono yote miwili juu ya kichwa. Atakayeshindwa atastaafishwa, na nyumba ya serikali ataikabidhi ndani ya siku thelathini. Okidi aliisoma akiwa ameketi kitandani. Akajaribu kuikunja kwa mkono wa kushoto, ikamshinda, akaitupa sakafuni.

Mke wake Apio akaiokota, akaisoma mara mbili. Nyumba iliyokuwa ikitajwa kwa Kiingereza kizito namna ile ilikuwa kibanda cha bati cha duara, kambini kwa polisi hapo Naguru, kile ambacho wenyewe wanakiita uniport. Ndani kitanda kimoja, pazia, na nyuma ya pazia godoro la mabinti wawili. Jiko mlangoni. Jua likiwaka, bati linakuoka. Mvua ikinyesha, husikii mtu akikuita. Lakini usikidharau. Watu wa mjini wanadhani polisi ana nyumba. Wapi! Kazi ndiyo yenye nyumba, polisi kapangishwa tu na kazi yake.

“Siku ishirini na tano,” Apio akasema. “Hii mkono itaamka kwa siku ishirini na tano?”

“Itaamka.”

“Miezi saba imelala.”

“Nimesema itaamka, Mama Alal. Niache.”

Apio alikuwa wa Tororo, mumewe wa Kitgum. Hakuna aliyeijua vizuri lugha ya mwenzake, na Kiswahili cha kambini ndicho walichochumbiana nacho na ndicho walichogombana nacho. Siku ile hawakugombana. Apio alimfungia vifungo vya shati kama alivyomfungia kila asubuhi tangu Januari, akamfunga mkanda, akamfunga kamba za viatu, kisha akachukua kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, akautia mkono wa kulia wa mumewe ndani yake na kukifunga nyuma ya shingo. Vitambaa vilikuwa viwili. Kimoja kikivaliwa, kingine kinafuliwa. Okidi akatoka, na kila aliyekutana naye njiani akamwambia pole, Afande.

*

Jumanne akaja Marie-Jeanne, muuza vitenge.

Alikuwa mwanamke wa Bukavu, wa miaka hamsini hivi, mkazi wa Kabalagala nyuma ya mabaa, na mji mzima alikuwa akiutembea kwa miguu na vitenge vyake begani. Kambini hakuruhusiwa. Mwaka uliopita Koplo Okidi mwenyewe, akiwa zamu ya lango, alimshika mkono akamtoa nje, vitenge vikaanguka topeni, na Okidi hakuinama kuokota hata kimoja. Amri ni amri, alisema. Tangu siku hiyo mama wa watu alikuwa akipitia nyuma, penye ua uliotoboka, na wake wa askari wakinunua kwake kimyakimya.

Alimkuta Apio mlangoni akinyonyoa kuku aliyegoma kutaga. Kabla hajafungua mzigo, Okidi akatoka ndani. Walitazamana. Okidi akageuza uso, lakini Marie-Jeanne hakumtazama usoni, alitazama bega. Alitazama jinsi nyama ya bega ilivyokwisha, mfupa ukachomoza kama pembe ya kitanda, na jinsi kofi la bega, ule mfupa bapa wa nyuma, lilivyosimama mgongoni chini ya shati.

“Mama Alal,” akasema, “ule mukono iko mu kitambaa tangu wakati gani?”

Apio akamweleza. Januari, gari la doria lilikata kona, Okidi akaanguka kutoka nyuma. Mfupa wa mkono ukavunjika juu, karibu na bega. Hospitali walisema wiki sita za kitambaa.

“Wiki sita. Na leo iko mwezi wa nane.”

Marie-Jeanne akaweka vitenge chini, akasema bila kupaza sauti kwamba mfupa ule ulishapona kitambo, na kwamba kilichokufa sasa ni bega, na kwamba wao wenyewe ndio wanaoliua. Kule Bukavu, akasema, alifanya kazi hospitalini miaka kumi na moja, kazi ya kuwarudishia watu miguu na mikono yao. Vyeti vyake viko chini ya godoro. Hapa hakuna aliyewahi kuomba kuviona.

“Muuza vitenge atanifundisha mkono?” Okidi akasema. Akaingia ndani, akaketi kitandani kwa kishindo.

Basi Marie-Jeanne akachuchumaa, akaomba kisu na mguu wa kuku. Akaukata gotini, akatafuta ule uzi mweupe ulio kwenye nyama, akauvuta. Vidole vya kuku vikajikunja. Akauachia, vikalegea. Watoto wote wanaujua mchezo huu. Apio mwenyewe aliucheza Tororo akiwa mdogo. Lakini safari hii hakuona mchezo. Marie-Jeanne alimwambia Apio, ila sauti aliipima ipite kwenye bati imfikie aliye ndani.

“Nyama inajua kuvuta tu. Kusukuma haijui. Hii ya mbele ikivuta, vidole vinafunga. Ukitaka vifunguke, iko ingine ya nyuma, nayo inavuta ya kwake, na ya mbele inaachia. Kila kitu mu mwili inatembea hivi, mbili mbili, moja inavuta, ingine inaachia. Sasa munafunga zote na kitambaa miezi na miezi. Hakuna ya kuvuta, hakuna ya kuachia. Zinakonda.”

Kisha akakunja ngumi, akaiegemeza kwenye kiganja cha mkono mwingine. Ngumi ni kichwa cha mfupa, akasema, na kiganja ni kisahani cha bega. Kichwa kikubwa, kisahani kidogo. Goti haliwezi hivyo, kiwiko hakiwezi, hizo ni bawaba za mlango, mbele na nyuma basi. Bega linakwenda kila upande kwa sababu kisahani ni kidogo na hakilizuii. Na kwa sababu hakilizuii, nyama ndizo zinazolishika lisichomoke, pamoja na mfuko mwembamba unaolizunguka. Chini ya kwapa mfuko ule una mikunjo, ili mkono ukipanda, mikunjo ifunguke.

“Mukono ikishinda chini siku zote, mikunjo inashikana. Kama kavera, mufuko ya plastiki, uliyofungia posho ya moto ukaisahau. Haifunguki tena mupaka uivute, na ukiivuta inalia.”

Ndani kitanda kikalia, na Okidi akasimama mlangoni.

“Siku ishirini na moja zimebaki,” akasema. “Zinatosha?”

“Hazitoshi.”

“Sasa unapiga kelele ya nini mlangoni kwangu?”

“Mukono muzima siwezi kukuahidi, Afande. Pengine nikufikishe mu paji la uso.”

Paji la uso ndipo saluti inapofika. Wote watatu walilijua hilo. Okidi akauliza anataka nini. Marie-Jeanne akasema hataki pesa, hata franga moja. Anataka lango. Anataka aingie kwa mbele kama mtu, mchana, na askari wa zamu wajue anakwenda kwa nani. Na mwenye kuwaambia awe Okidi mwenyewe, kwa mdomo wake.

Okidi aliondoka kwenda langoni akiwa na uso wa mtu aliyemeza mwiba wa samaki. Vijana wa zamu walimsikiliza, wakaitika ndiyo, Koplo, na alipowapa mgongo wakacheka.

*

Swali lenyewe Marie-Jeanne aliliuliza siku ya kwanza ya kazi, Okidi akiwa ameketi kwenye stuli bila shati. Hospitali walisema wiki sita, halafu mazoezi. Mazoezi yalikwenda wapi?

Okidi akageukia ukuta, na Apio naye akainamia sufuria isiyo na kitu. Mimi ninayesimulia nitasema. Mwezi wa tatu, wiki sita zilipokwisha, daktari alitia sahihi kwamba mfupa umeunga. Okidi akavua kitambaa, akavaa kofia, akatoka. Hakufika mbali. Akakutana na inspekta kijana, mtoto wa juzi mwenye nyota mabegani, na Okidi akainua mkono ampigie saluti. Mkono ukafika kidevuni ukagoma. Inspekta akamuuliza, mbele ya wanawake waliokuwa wakiteka maji, “Koplo, unanipangusia ndevu?” Wanawake wakacheka. Okidi, mwenye miaka kumi na tisa kazini, akarudi nyumbani akamwambia mkewe, nifunge tena.

Mtu asiyejua mambo ya kambi atasema ni ujinga. Sikiliza kwanza. Askari akiwa na kofia kichwani ni lazima apige saluti. Akivua kofia hana saluti, lakini kutembea na sare bila kofia ni kosa pia. Njia ya kutokea ni moja tu: kitambaa. Mwenye mkono kitambaani hapigi saluti na hakuna wa kumuuliza. Anakaza kiwiliwili, anasalimu kwa mdomo, na mkubwa mwenyewe anamwambia pole. Kwa hiyo Okidi akakivaa kitambaa wiki moja, ili apate nafuu. Halafu wiki ya pili. Kila wiki bega likazidi kukaza, na kila lilivyozidi kukaza ndivyo alivyozidi kukihitaji. Na Apio akakifua, akakipiga pasi, kwa sababu ni nani anayependa mumewe achekwe kisimani? Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kilio chenyewe kilikuwa kimekuja kwa barua, na muhuri mwekundu.

Hatimaye Okidi akasema, akitazama ukuta, “Niliona haya.”

Marie-Jeanne hakusema pole. Alimwambia avute pumzi.

*

Kazi ilikuwa mara tatu kwa siku. Kwanza Okidi aliinama, mkono wa kushoto juu ya meza, wa kulia ukining'inia na kopo la maji, akauacha ucheze mbele na nyuma, kisha kwa duara, ili majimaji ya kiungo yapate kutembea. Kisha alilala chali, na Marie-Jeanne akaushika mkono juu ya kiwiko akaupandisha polepole mpaka pale ulipokataa, akasimama hapo, akahesabu hadi thelathini. Baada ya hapo Okidi alisimama ukutani na kuvipandisha vidole juu ya bati, kimoja baada ya kingine, na vilipofika mwisho Apio akachora alama kwa chaki.

Alama ya kwanza ilikuwa usawa wa kifua.

Okidi alikuwa mjanja, na mwili wake ulikuwa mjanja kuliko yeye. Akiambiwa ainue mkono, alipandisha bega zima hadi sikioni, akaegemea upande, akajidhania amefika. Marie-Jeanne aliweka kiganja juu ya kofi la bega na kulikandamiza chini. “Hapana danganya,” alimwambia. “Hii mufupa ya nyuma inakusaidia kuiba. Nyama ya mukono ndio inapashwa kufanya kazi.” Bila wizi ule mkono ulipanda nusu ya pale. Okidi aliuma meno, jasho likamtiririka mpaka kwenye suruali. Kumbuka alikuwa uchi kiunoni kwenda juu, mbele ya mwanamke ambaye vitenge vyake alivimwaga topeni, na mwanamke mwenyewe wala hakulitaja tope. Lau angelitaja, Okidi angepata pa kumjibu.

Bati halifichi neno. Majirani walisikia vilio vya mwanamume saa mbili asubuhi, saa saba na saa kumi na moja, na kabla ya wiki kwisha kambi nzima ilikuwa ikisema Apio anampiga mumewe na amemleta Mkongo wa kumsaidia. Mabinti walitaniwa shuleni. Alal, mkubwa, alirudi amevimba jicho na hakutaka kusema alipigania nini.

Siku Marie-Jeanne asizoweza kuja, kazi ilikuwa ya Apio. Hapo ndipo pagumu. Mtaalamu anaweza kumuumiza mtu akahesabu thelathini. Mke akifika kumi na mbili anaona machozi kwenye macho ya mumewe, na mkono wake mwenyewe unalegea. Okidi alimtukana. Alimwambia anafurahi kumwona akiumia. Alimwambia angekuwa mwanamke wa kwao Kitgum angekuwa na huruma.

Siku ya tisa tangu barua ije, alama ya chaki ilikuwa haijasogea tangu siku ya sita. Okidi akaketi kitandani, mkono wa kulia kaupakata kama mtoto.

“Basi,” akasema. “Imetosha. Lete kitambaa.”

“Cha nini?”

“Unifunge. Nitaenda mbele yao nimefungwa. Wataniona mgonjwa, watanionea huruma, wataongeza miezi.”

“Barua haijasema huruma.”

“Apio. Lete kitambaa.”

Hakumwita Mama Alal. Apio akasimama, akaingia nyuma ya pazia, akatoka na vitambaa vyote viwili, vyeupe, vimekunjwa pembe kwa pembe. Akatoka navyo mlangoni. Sigiri ilikuwa na makaa, maharagwe juu yake. Akaitua sufuria, akakitia kitambaa cha kwanza, kikashika moto, akatia cha pili. Alikuwa akilia waziwazi, bila kujifuta. Alikuwa na hasira na mumewe na hasira zaidi na mikono yake mwenyewe, iliyokaa miezi mitano ikipiga pasi kitu kilichokuwa kikimlemaza baba wa watoto wake huku yeye akijiona mke mwema.

Aliporudi ndani alimwambia alale chali. Okidi akalala. Siku ile Apio alihesabu mpaka thelathini bila kuruka hata moja.

*

Siku ya kumi na tano vidole vilifika usawa wa mdomo. Siku ya kumi na nane, sikio. Marie-Jeanne akaanza kumfundisha kuugeuza mkono nje, kwa sababu saluti si kupandisha tu. Kiwiko kinakaa pembeni, kiganja kinatazama mbele, na misuli midogo ya nyuma ya bega ndiyo inayozungusha kichwa cha mfupa mle kisahanini. Misuli hiyo ya Okidi ilikuwa imekonda. Ilimtetemesha mkono wote.

Siku ya ishirini na tatu ncha za vidole ziligusa paji la uso. Apio akapiga kigelegele, akajiziba mdomo. Marie-Jeanne hakufurahi. Alikuwa ameona kichwa kikishuka kidogo kuufuata mkono.

“Usilete kichwa kwa mukono, Afande. Leta mukono kwa kichwa. Tena.”

Alirudia mara arobaini.

Jioni ya mwisho, sare ikiwa imeshapigwa pasi, mabinti wako nje, Apio akasema jambo alilokuwa nalo tangu siku ya barua. Daktari ana faili. Kwenye faili kuna tarehe. Watamuuliza kwa nini alifungwa mkono miezi mitano baada ya mfupa kupona, na kambini jambo hilo lina jina baya, kukwepa kazi kwa kujifanya mgonjwa.

“Sema ni mimi,” akasema. “Sema mke alifunga. Sema ni mila ya kwetu Tororo, mfupa hauamshwi mpaka mwaka uishe. Watacheka, watasema wanawake hawa. Mimi sina cheo, watanipunguza nini?”

Okidi akamgeukia.

“Iko mila kama hiyo?”

“Hakuna. Lakini wale watajuaje?”

Okidi alizima redio.

*

Jopo lilikuwa watu watatu nyuma ya meza. Katikati aliketi mkuu wa kambi, Mrakibu Obwona, mtu mrefu asiye na haraka. Kulia kwake daktari wa polisi, Daktari Moreen, mwanamke mwenye miwani. Wa tatu alikuwa karani wa kuandika. Apio alibaki nje kwenye benchi pamoja na Marie-Jeanne, na dirisha lilikuwa wazi.

Okidi aliingia, akapiga hatua tatu, akasimama, akainua mkono.

Ulipanda. Bega halikupanda nao, kichwa hakikushuka. Vidole vikafika kwenye ukingo wa kofia, kiwiko pembeni, kiganja mbele. Apio pale nje akamshika Marie-Jeanne paja bila kujua. Sasa kilichobaki ni mkubwa airudishe saluti, maana mdogo hashushi mkono kabla ya mkubwa. Ndiyo sheria. Na Obwona alikuwa akisoma faili.

Alisoma ukurasa wa kwanza. Akalowesha kidole, akafunua wa pili. Huenda alikuwa akimpima, huenda hakuwa na habari naye, wakubwa hawajulikani. Mkono wa Okidi ukaanza kutetemeka, kwanza vidole, kisha kiwiko. Misuli ya siku ishirini na moja ilikuwa ikivuta mkono wa miaka arobaini na mitatu. Moto ukashika begani, ukashuka ubavuni. Kofi la bega likataka kupanda limsaidie kuiba, akalikataza. Jasho likamwingia jichoni. Daktari Moreen aliacha kuandika, akawa anatazama ule mkono tu.

Obwona akafunua ukurasa wa tatu.

“Afande,” daktari akamwambia polepole.

Obwona akainua macho, akarudisha saluti, na Okidi akashusha mkono. Hakuuacha uanguke. Akaushusha.

Yaliyofuata hayakuwa magumu hivyo. Bunduki aliibeba. Mikono juu ya kichwa haikulingana, wa kulia uliachwa nyuma shibiri nzima, na daktari alipima akaandika. Akasema bega linarudi, na kwa mtu aliyefanya kazi namna hii miezi mitatu zaidi itatosha. Kwa upande wake, anafaa kubaki kwa kazi nyepesi. Nje, Apio akafumba macho.

Ndipo Obwona akageuza faili, akaweka kidole kwenye tarehe.

“Tarehe kumi na nne mwezi wa tatu daktari aliandika mfupa umepona, mgonjwa aanze mazoezi. Mwezi wa nane mimi mwenyewe nilikuona na kitambaa shingoni, nikakwambia pole. Nani alikufunga, Koplo?”

Jibu la Apio lilikuwa pale, limekunjwa vizuri, na lilikuwa jibu zuri. Wangecheka. Okidi alilionja mdomoni. Kupitia dirishani aliona kitambaa cha kichwa cha mkewe na mgongo wake ulioinama.

“Nilijifunga, Afande.”

“Kwa nini?”

“Saluti yangu ilifika kidevuni, watu wakacheka. Nikaona haya. Nikaona heri niitwe mgonjwa.”

“Miezi mitano umekula mshahara kwa kuona haya.”

“Ndiyo, Afande.”

Obwona akafunga faili. Akasema jopo linambakiza kazini na nyumbani kwake. Suala la kitambaa si la madaktari, litakwenda kwenye kamati ya nidhamu Ijumaa. Akamwambia aende.

*

Kamati haikumaliza hata dakika kumi. Ijumaa saa tisa mchana Okidi alirudi nyumbani akiwa konstebo, na amri kwamba Jumatatu aripoti chumba cha redio akiwa na sare isiyo na alama ya cheo. Alimwambia Apio kwa sentensi moja. Apio akauliza kama nyumba imebaki. Imebaki. Akauliza kwa nini hakusema lile neno la mila.

“Ili sasa uchekwe wewe kisimani?” Okidi akasema.

Apio alitaka kumgombeza. Miaka kumi na tisa, mistari miwili ya ukoplo kila mkono, imekwenda kwa sababu ya ulimi wake wa ukweli usioombwa. Badala yake alichukua wembe, akakaa mlangoni penye mwanga, akamwambia avue shati.

Okidi hakuvua. Alikuja akasimama mbele yake na sare yake yote. Apio akaushika mkono wa kulia, akaanza kukata nyuzi za mstari wa juu, uzi mmoja mmoja, asitoboe kitambaa, maana shati ni hilo hilo. Nyuzi za nje zilitoka. Zile za upande wa kwapa hakuweza kuzifikia.

“Inua kidogo,” akasema.

Okidi akauinua mkono pembeni, mpaka usawa wa bega, akaunyoosha. Apio akainama chini yake na wembe. Hakuharakisha, na mumewe hakumharakisha. Mkono ulitetemeka tangu uzi wa kwanza mpaka wa mwisho, na haukushuka. Mistari ilipobanduka ilibaki alama yake shatini, rangi iliyoiva kuliko nyingine.

“Imetoka,” Apio akasema.

Okidi akaushusha polepole, akamgeuzia mkono wa kushoto.